Taa Kuwaka Si Ushahidi

Leo nimekuja na mazungumzo ya paipu za umeme, zile zinazobeba nyaya ndani ya kuta, juu ya dari na chini ya kipaa cha nyumba. Vuli inakaribia, na mvua ikishaanza ndipo paipu mbovu zinapojionyesha. Swichi ya barazani inatoa cheche. Breka inakata usiku wa manane, unairudisha, inakata tena. Ukuta wa bafuni ukiuegemea kwa kiganja chenye maji, mkono unakufa ganzi.

Tunachofanya wengi wetu hapo kinajulikana. Anaitwa fundi wa mtaani, anatindua ukuta, anatoa kipande kilichopasuka, anaweka kipya, anaziba kwa saruji. Kisha anawasha. Taa inawaka, feni inazunguka, tunashukuru, tunalipa, anaondoka na begi lake. Mimi nasema taa kuwaka si ushahidi kwamba kazi imefanyika sawasawa. Taa inahitaji nyaya mbili tu ili iwake, waya wa moto na nyutro. Waya wa tatu, ule wa ardhi ambao mafundi wanauita eathi, unaweza kuwa umekatika humo ndani ya ukuta na nyumba nzima ikaendelea kung'aa. Na waya huo wa tatu ndio unaomlinda mtoto anayefungua friji akiwa pekupeku.

Nianze na paipu yenyewe, kwa sababu wako wanaodhani imewekwa ili nyaya zisionekane tu. Hizi nyeupe za plastiki ngumu tunazozikuta madukani, mara nyingi za kipenyo cha milimita 20 au 25, zinazuia panya na unyevu visiifikie koti ya waya. Zinamwezesha fundi, hata baada ya miaka 20, kutoa waya uliochoka na kuvuta mpya bila kubomoa ukuta. Na plastiki yake imetengenezwa isiendeleze moto: ukiisogezea kiberiti inaungua pale penye ulimi wa moto, ukiuondoa inazimika. Ile paipu nyeusi ya maji inayouzwa kwa roli haiko hivyo. Ile ni polithini. Ikishika moto inaendelea kuwaka na kudondosha matone yanayowaka. Nimeiona ikipitishiwa nyaya juu ya mbao za dari katika nyumba mpya kabisa, kwa sababu inapindika kirahisi na bei yake ni nafuu. Chini ya udongo inaweza kuvumilika. Darini itolewe, na mwenye nyumba asikubali maelezo mengine yoyote.

Sasa, paipu inaharibika vipi? Ndani ya ukuta adui mkubwa ni sisi wenyewe: msumari wa picha, drili ya pazia, fundi bomba anayetafuta njia ya kupitisha maji. Fundi umeme mzuri hupitisha paipu zake wima au mlalo kutoka kwenye swichi na soketi, ili hata baada ya lipu na rangi mtu ajue nyaya zimepita wapi. Fundi mwenye haraka hukata kona kwa mshazari ili kuokoa mita moja ya waya, na miaka kumi baadaye mtu anatundika saa ukutani na kuutoboa waya. Hilo halihitaji maneno mengi. Usitoboe ukuta juu ya swichi, chini ya swichi, wala pembeni ya soketi, basi.

Nje ya nyumba adui ni jua. Paipu nyeupe ya kawaida haikutengenezwa kukaa juani, lakini angalia nyumba za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, uone ni ngapi zina paipu hiyo imepanda ukutani nje mpaka chini ya paa, inapigwa na jua la saa nane kila siku. Kwanza inageuka njano. Kisha uso wake unashika unga. Mchana inarefuka kwa joto, usiku inarudi, na klipu iliyokazwa kupita kiasi haiiachi icheze, kwa hiyo ufa huanzia palepale kwenye klipu. Kipande cha namna hiyo kikishatolewa, ukikibana kwa vidole viwili kinavunjika kama ganda la yai. Ndani yake utakuta mstari wa maji yaliyokauka, na koti ya waya imeanza kupauka.

Hapa nina onyo, na naomba usikilize vizuri. Ile sehemu inayotoka kwenye nguzo ikaja kwenye mita, hata ukizima mein swichi, ina umeme. Mein swichi iko baada ya mita. Haiwezi kukata kilicho kabla yake. Kwa hiyo paipu iliyopasuka upande ule itazame kwa macho tu, kwa mbali, na upige simu shirika la umeme. Fundi wako asiiguse, hata akikuambia ana uzoefu wa miaka mingi. Haiwezekani kuwa na uzoefu wa kuhimili volti 230 zisizo na pa kuzimia.

Na ukishawaita, waombe waangalie jinsi waya unavyoingia kwenye paipu. Waya ukishuka kutoka kwenye nguzo moja kwa moja hadi kwenye mdomo wa paipu, maji ya mvua hufuata mgongo wa waya, yanaingia mdomoni, yanashuka ndani ya paipu, na kituo chake cha kwanza ni mita yako, cha pili ni mein swichi. Dawa yake haigharimu chochote: waya uning'inie kwanza chini ya usawa wa mdomo kisha upande kuingia, na mdomo wenyewe utazame chini. Tone la maji likifika pale penye mning'inio linadondoka chini. Kutu nyingi ninayoiona kwenye mein swichi za nyumba za pwani chanzo chake ni mdomo wa paipu unaotazama mbinguni.

Nimekuja kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi hii ya leo, nalo linahusu nyumba za zamani.

Katika utaratibu wa Kiingereza uliotumika hapa kwetu wakati wa ukoloni na miaka kadhaa baada ya uhuru, nyaya nyingi zilipitishwa ndani ya paipu za chuma zilizopakwa rangi nyeusi. Ziko bado katika majengo ya Upanga na Kariakoo, Dar es Salaam, ziko Tanga, ziko Mombasa. Mafundi wa wakati ule walikata hesi kwenye ncha ya kila paipu, wakakaza viungio mpaka chuma kikashikana na chuma, kutoka mein swichi hadi boksi la mwisho. Na katika nyumba nyingi za aina hiyo hutakuta waya wa kijani humo ndani. Paipu yenyewe ndiyo iliyokuwa eathi. Umeme ukivuja kwenye pasi au jiko, ulirudi kupitia chuma cha paipu, ukashuka ardhini, na fyuzi ikakatika.

Sasa fikiria chumvi ya baharini ikifanya kazi yake kwenye chuma hicho kwa miaka 60. Kipande kinaoza. Anakuja fundi wa siku hizi, anakata kilichooza, anapachika plastiki katikati, anazungushia tepu, anapiga lipu. Nyaya mbili zimepita, taa imewaka. Lakini ile njia ya eathi imekatwa, na hakuna anayejua.

Nilikuwapo Ngamiani, Tanga, fundi mmoja mtu mzima alipoitwa kwenye nyumba ya namna hiyo. Mwenye nyumba ni bibi anayeishi na wajukuu. Friji iko ukumbini, na mbele yake kuna jozi ya kandambili za bluu ambazo hazitoki pale.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Usiiguse hiyo kabla hujavaa ndara."

"Inapiga shoti?"

"Inapiga kidogo. Wajukuu nimeshawafundisha, wanavaa kwanza."

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu walipotengeneza ule ukuta wenye unyevu. Kabla ya hapo haikuwa hivi."

Fundi akazima mein swichi. Alikuwa ameijaribu tasta yake kwanza mahali alipojua pana umeme kabla ya kuzima, akaijaribu tena baada ya kuzima, maana tasta iliyokufa inadanganya na wako mafundi waliozikwa kwa sababu hiyo. Kisha akachukua mita ya kupimia, ncha moja akaiweka kwenye tundu la eathi la soketi ya friji, ya pili akaipeleka kwa waya mrefu hadi kwenye eathi ya mein swichi. Mita ilitakiwa isome namba iliyo karibu na sifuri. Haikusoma kitu. Kati ya soketi na ardhi hapakuwa na njia.

Akatindua pale penye lipu mpya. Kikatokea kipande cha plastiki nyeupe, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, katikati ya vipande viwili vya chuma cheusi, na tepu imezungushwa pande zote mbili. Ncha ya chuma ilikatwa kwa msumeno na haikupigwa tupa hata mara moja. Makali yake yalikuwa yamekwaruza koti ya waya wa moto. Waya haukuwa umegusa chuma moja kwa moja, ila unyevu wa ukuta ulitosha kuufikisha umeme. Kwa hiyo chuma chote cha upande wa pili, pamoja na boksi la soketi na bodi ya friji, kilikuwa kimetengwa na ardhi na kimebeba umeme, mchana na usiku, kwenye ukumbi wanakocheza watoto.

Msikilizaji unaweza kuuliza: breka si ipo, mbona haikukata? Hili swali nalipenda, kwa sababu jibu lake watu wengi hawajawahi kuambiwa. Breka ya kawaida imewekwa kuulinda waya usiungue. Haikuwekwa kukulinda wewe. Breka ya soketi huwa ya ampia 20 au 32. Mwili wa mtu mwenye ngozi yenye maji ukiukadiria ohm 1,500, volti 230 zitapitisha humo takribani milliampia 150, yaani ampia 0.15. Kiasi hicho kinaweza kuusimamisha moyo, na breka ya ampia 32 haitahisi kitu. Hata eathi ikiwa nzima lakini imetegemea fimbo moja iliyopigiliwa kwenye udongo mkavu, tuseme yenye ohm 20, umeme unaovuja utafika ampia 11.5 tu, na breka itakaa imetulia.

Ndiyo maana inahitajika ile swichi ya usalama ambayo mafundi wanaiita RCD. Hiyo inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua kwa milliampia 30 inakata mara moja. Ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi michache, ikate, uirudishe. Isipokata, imekufa, ibadilishwe. Nyumba yenye hita ya bafuni na haina RCD, binafsi siwezi kuoga humo.

Yule fundi wa Tanga hakubandika kiraka kingine. Alisema kipande kimoja kikishaoza, vya jirani vinafuata, kwa hiyo alitoa paipu nzima kutoka boksi hadi boksi. Alipovuta nyaya za zamani, koti yake ya mpira ilianza kumeguka na kumwagika sakafuni vumbi jeusi. Nyaya za mpira za miaka ile ndivyo zilivyo: zikiachwa zilale zinaendelea kufanya kazi, ukizigusa zinakumalizikia mkononi. Huwezi kubadilisha paipu yenye nyaya hizo ukazirudisha nyaya zilezile. Akavuta mpya za milimita za mraba 2.5 za soketi, pamoja na waya wa eathi wa kijani na njano kutoka mein swichi hadi kila soketi, kisha akaufunga waya huo kwa skrubu kwenye kila boksi na kila kipande cha chuma kilichobaki. Huo ndio ukarabati. Plastiki inaruhusiwa kuchukua nafasi ya chuma, sharti eathi iliyoondoka na chuma irudishwe kwa waya.

Kuna kosa jingine la nyumba hizi ambalo nalitaja kwa ufupi. Fundi akishindwa kuvuta waya mmoja kwenye paipu ya zamani, anaamua waya wa moto upite paipu ya chuma na nyutro ipite njia nyingine. Haifai. Ndani ya chuma nyaya mbili za sakiti moja zinatakiwa ziwe pamoja. Zikitenganishwa, paipu yenyewe inapata joto.

Na wale ambao nyumba zao zilifungiwa eathi kwenye bomba la maji la chuma, desturi iliyokuwa ya kawaida zamani, wajue kwamba siku bomba la mtaani lilipobadilishwa likawa la plastiki, eathi yao iliondoka nalo. Wapigiliwe fimbo ya eathi na ipimwe.

Kwa nyumba za leo, zenye plastiki tangu mwanzo, kubadilisha paipu ni kazi nyepesi zaidi ila ina adabu yake. Nyaya zisiungwe ndani ya paipu; kiungio kiwe kwenye boksi lenye mfuniko, mahali panapofunguka. Paipu isijazwe mpaka nyaya zivutwe kwa nguvu za watu wawili. Zaidi ya nusu ya nafasi ibaki tupu, kwa sababu nyaya zinazobeba umeme zinatoa joto na koti ya kawaida imetengenezwa kwa nyuzi joto 70, si zaidi. Kona ipindwe kwa springi ndani yake ili paipu isibonyee. Wanaoipasha kwa moto wa karatasi wanaiharibu kabla haijaingia ukutani. Viungio vipakwe gundi yake. Mfereji uchimbwe wa kina cha kutosha ili lipu iifunike paipu yote, maana paipu iliyo juu juu hutoa ufa wa mstari mrefu kwenye rangi kabla ya mwaka kwisha. Nje, penye jua, tumia paipu iliyotengenezwa kuhimili jua au ile ya chuma yenye mabati, na kama huna uwezo wa zote mbili basi ihamishie upande wa kivuli.

Kisha mambo ya kupima. Kabla ya lipu, narudia, kabla ya lipu, fundi apime mambo mawili mbele yako. La kwanza ni lile alilolipima fundi wa Tanga, eathi kutoka soketi hadi mein swichi, mita isome karibu na sifuri. La pili ni koti za nyaya, kwa kifaa ambacho mafundi wanakiita mega. Kinasukuma volti 500 kwenye nyaya, vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, na kusoma kama umeme unavuja. Isipungue megaohm 1. Waya mpya kabisa husoma zaidi ya hapo mara nyingi sana. Fundi asiye na mega anaweza kuiazima kwa mwenzake; asiyejua ni kitu gani, mwache aende.

Tanzania Bara leseni za mafundi wa kufunga umeme zinatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja, na Kenya ni kazi ya EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na mafuta. Kuomba kuiona leseni si kumdharau mtu. Fundi anayejiheshimu huitoa hata kabla hujamaliza kuuliza.

Najua kilio cha wapangaji. Unamwambia baba mwenye nyumba ukuta unapiga shoti, anakujibu mbona taa zinawaka, au anakwambia tengeneza tutakatana kwenye kodi, na mwezi ukifika hakumbuki. Wenye nyumba, nawaomba sana. Paipu na nyaya ni sehemu ya nyumba mnayoikodisha, sawa na paa. Mpangaji hana mamlaka ya kutindua ukuta wenu, na hastahili kulala na watoto wake ndani ya ukuta wenye umeme akisubiri muafaka wa kodi. Gharama ya mita kumi za paipu na nyaya zake hailingani na lolote litakaloweza kutokea humo.

Nanyi wasikilizaji wengine, kama nyumbani kuna friji, pasi, hita au mlango wa chuma unaopiga shoti, hata kidogo, msiizoee na msiweke kandambili mbele yake. Usiku huu chomoeni kifaa hicho. Kama ni ukuta au mlango, zimeni breka ya sakiti hiyo na muiache imezimwa. Kesho asubuhi mwiteni fundi mwenye leseni, na mwambieni aje na mita.